Je, Kumtia Majeruhi Katika Mtambo ni Kushindana na Kadari?

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Tumeletewa suali na mmoja wa ndugu zetu wahudhuriao darsa, nalo si suali la kupuuzwa. Kijana wa jamaa yake aligongwa na gari, mbavu zikavunjika na mapafu yakapondeka. Madaktari wakashauri apelekwe penye mtambo uwezao kumpumulia mtu nje ya mwili wake. Wazee wakagawanyika. Mmoja alisema: "Mwacheni, ajali haina kinga, kumtia mtamboni ni kushindana na Mola." Wa pili alisema atiwe, lakini akaapa kuwa akishatiwa hatatolewa kabisa, kwani kumtoa ni kumuua. Kijana akafariki kabla wazee hawajapatana, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ndugu yetu auliza: kati ya wawili hawa, mwenye haki ni nani?

Twasema, na tawfiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu: si huyu wala si yule, na kosa lao ni moja.

Wanazuoni wametufunza kuwa kitu hakihukumiwi mpaka kifahamike. Mtambo huu, uitwao ekmo kwa kifupi, huivuta damu ya mgonjwa kwa mpira mnene uliotiwa katika mshipa mkubwa wa paja au wa shingo. Damu hupita penye utando mwembamba, ikapewa oksijeni na kuondolewa hewa chafu, kisha hurudishwa mwilini ikiwa na joto lake. Ikirudishwa katika mshipa wa vena, mtambo hushika kazi ya mapafu peke yake. Ikirudishwa katika ateri, husaidia na moyo pia. Mtu wa kwanza mzima aliyeokoka kwa mtambo wa namna hii alikuwa kijana wa miaka 24 huko California, Marekani, mwaka 1971. Aliumia kwa pikipiki, mshipa mkuu wa kifuani ukapasuka na kushonwa, kisha mapafu yakashindwa kazi. Daktari J. Donald Hill na wenzake walimweka mtamboni kwa saa 75, mapafu yakapata nafuu, akatolewa hali yu hai.

Basi fahamuni: mtambo huu hauponyi pafu lililopondeka. Hulipumzisha tu, ili lipone kwa maumbile aliyoliumbia Mola wake. Tena una hatari zake, kwani damu ipitayo katika mipira hutaka kuganda, na dawa ya kuizuia isigande huweza kumwaga damu ya majeruhi. Kwa hiyo ni muhula, wala si uhai.

Sasa turudi kwa yule mzee wa kwanza. Neno "ajali" tulilipokea kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni muda uliowekwa. Sisi tumelibebesha mambo mawili: mgongano wa gari, na siku ya mtu kufa. Kwa kuchanganya hayo mawili, tumwonapo mtu amegongwa twadhani siku yake imekwisha kufika. Nani aliyetuambia? Kweli ajali haitangulizwi wala haicheleweshwi hata saa moja, lakini siku yake imefichwa kwetu. Sayyidna Umar (R.A.) alipokataa kuingia Sham penye tauni, aliulizwa kama aikimbia kadari ya Mungu. Akajibu kuwa yuaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Jeraha ni kadari, na dawa ni kadari. Mtume wetu (S.A.W.) ametuamuru tujitibu, na Qur'ani imemfanya mwenye kuihuisha nafsi moja kuwa kama aliyewahuisha watu wote. Kumwacha mtu afe na dawa ipo, kisha tukaiita hiyo tawakkul, ni uvivu uliovikwa kanzu ya dini.

Ama mzee wa pili, naye adhani kuwa mtambo ndio uhai. Swali hili wanazuoni wa zama zetu wamelitazama. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Amman mwaka 1986 liliamua kuwa, kazi zote za ubongo zikikoma na madaktari mabingwa wakathibitisha kuwa hazitarudi na ubongo umeanza kuoza, yajuzu kuondoa mitambo hata ikiwa moyo ungali ukipiga kwa nguvu za mitambo hiyo. Baraza la Makka mwaka 1987 nalo likajuzisha kuondoa, ila halikumhukumu mtu kuwa maiti mpaka moyo na pumzi visimame baada ya kuondolewa. Tofauti hiyo si ndogo, kwani kwayo hujulikana lini mali yarithiwa na lini mke aanza eda.

Lakini yule ambaye ubongo wake u hai ni mtu kamili, hata kama damu yake yote yapita nje ya mwili. Sayyidna Umar alipochomwa, alinyweshwa maziwa yakatokea jerahani, akaambiwa ausie. Na wasia wake ukafuatwa. Basi haifai mrithi kumhesabu majeruhi kuwa amekwisha kufa kwa sababu gharama zimemchosha. Na madaktari waaminifu wakisema kuwa mapafu hayatapona tena na mtambo wazidisha mateso tu, kuacha tiba isiyo na faida si kuua. Ni kuikubali ajali ilipodhihiri.

Hili ndilo kosa lao moja: kila mmoja amejipa ilimu ya ghaibu. Wa kwanza ameijua siku ya kufa kabla haijafika, na wa pili amekataa kuwa itafika. Sisi tumeamrishwa kutenda sababu, kuwauliza wajuzi, kisha kuridhika.

Tena tusisahau, ndugu zetu, kuwa mtambo ni wa wachache, na damu ni yetu sote. Wangapi hufa kwa kukosa chupa ya damu, au mpira wa kutoa damu na hewa kifuani, au gari la kuwafikisha hospitali upesi, nasi tumesimama njiani twasema "ajali haina kinga"? Hapo hapana mtambo wa kulaumiwa. Tutaulizwa sisi.

Wallahu aalam.