Asiyetaka Kujua, Je, Hana Hatia?

Amri ya tano na amri ya saba hufundishwa mapema kwa wakatekumeni, nao huzifahamu upesi. Kuua ni kuua, kuiba ni kuiba. Kinachowatatiza ni swali jingine: mtu aliyemdhuru jirani yake bila kujua, je, ana dhambi? Na ikiwa hakujua kwa sababu hakutaka kujua?

Mfano uchukuliwe katika Majengo, mtaa wa mji wa Goma. Na awepo huko mtu mwenye kituo cha mafuta. Chini ya uwanja wake yamezikwa matangi mawili ya chuma, moja la esansi, jingine la mazutu, tangu miaka 30. Kila asubuhi kijana wa kazi hutia fimbo ndefu yenye alama ndani ya tangi, hupima, na kuandika katika daftari. Kwa miezi mitatu hesabu za esansi hazikubaliani. Mafuta yaliyonunuliwa, yakitolewa yaliyouzwa, hayalingani na yaliyobaki. Si mengi: ndoo moja kwa juma, pengine mbili. Kijana amwambia bwana wake, naye bwana ajibu: “Acha kupima. Andika kama kawaida.”

Tangu siku hiyo bwana huyo hajui kitu. Mtu akimwuliza kama tangi lake lavuja, aweza kujibu kwamba hajui, na maneno hayo yatafanana na ukweli.

Eklezya hutofautisha ujinga wa namna mbili. Kuna ujinga usioweza kushindwa: mtu alitafuta kadiri ya uwezo wake, asipate, huyo Mungu hamhesabii kosa. Na kuna ujinga ambao mtu angeushinda kama angetaka, kwa kuuliza, kwa kupima, kwa kufungua macho. Huo haumwondolei hatia. Tena anayeulinda ujinga wake kwa makusudi, apate kutenda kwa raha, aizidisha hatia yake, kwani ameifunga dhamiri kinywa kabla haijasema.

Sheria ya Musa yatoa neno juu ya jambo hili, katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21. Mtu akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe wa mwenziwe akatumbukia, mwenye shimo yampasa kulipa. Sheria haiulizi kama alimchukia yule ng'ombe. Basi tangi lililotoboka ni shimo la namna yake: juu limefunikwa vizuri kwa saruji, lakini chini li wazi.

Na ardhi ya Goma si ardhi ya kuficha kitu. Ni mawe ya volkano ya Nyiragongo, mlima uliotapika moto mwaka 1977, tena 2002, tena 2021. Mawe hayo yana matundu na nyufa. Mvua hainyeshi ikatuama juu yake, bali huzama. Mafuta nayo huzama vivyo hivyo, yakatafuta maji ya chini, na maji hayo huelekea ziwa Kivu, ambako mama na watoto huteka kwa bidoni maji ya kunywa.

Kujua kwawezekana. Tangi hutolewa mafuta yote na mvuke wake, lisije likalipuka, kisha hufukuliwa. Udongo wa chini yake na wa kando hutiwa katika chupa zilizofungwa sana, ukapelekwa maabara. Pua haitoshi. Huko hutafutwa benzeni, sehemu ya esansi inayodhuru uboho na kuweza kuleta saratani ya damu. Udongo mchafu huondolewa, na tangi jipya lenye kuta mbili huwekwa, ili ukuta wa ndani ukitoboka, wa nje uzuie.

Mwezi Mei mwaka 2015, huko Thange katika Makueni, nchini Kenya, watu waliona mafuta katika kijito chao. Yalitoka katika bomba la chini ya ardhi, la njia iliyoanza kazi mwaka 1978. Visima na mashamba viliharibika. Mwezi uleule Papa Fransisko alitia sahihi barua yake Laudato si', ambamo afundisha kwamba kupata maji safi ni haki ya kila mtu. Huko Marekani, serikali iliamuru mwaka 1988 kwamba matangi ya zamani yakingwe, yabadilishwe au yafungwe kabla ya mwisho wa 1998. Mavujo zaidi ya 500,000 yamegunduliwa huko. Si kwamba wenye matangi hayo wote walikuwa waovu. Chuma huoza bila kumwuliza mwenyewe kama ni mwema.

Bwana wa Majengo atasema: “Nikichimba, nitafunga kituo majuma mengi. Wafanyakazi wangu watakula nini?” Neno hili si la kuchekwa, maana njaa ni njaa. Lakini aweza kulifukua tangi moja na kuuza kwa lile jingine, aweza kukopa, aweza kuuza gari lake. Kile asichoweza ni kuwalisha watu wake kwa maji ya watoto wa wengine.

Tarehe 21 Januari 2002, siku chache baada ya moto wa Nyiragongo kupita mjini, kituo kimoja cha mafuta kililipuka wakati watu walipokuwa wakichota humo, wakafa makumi. Kila mmoja wao alijua nini juu ya hatari ile, Mungu peke yake ajua. Walikuwa wamepoteza nyumba na chakula. Bwana mwenye daftari na fimbo ya kupimia hawezi kujiweka pamoja nao.

Akija kuungama, haitoshi kusema kwamba alikuwa mzembe. Yampasa kuufukua udongo, kuwaonya jirani, na kufidia hasara yao kadiri awezavyo. Akikiuza kituo huku akinyamaza, amemwibia mnunuzi pia.

Na kijana je? Labda ni mkatekumeni, mwaka wa pili, na mshahara wake ndio karo ya wadogo zake. Ameamriwa kuandika hesabu ya uongo kwa mkono wake mwenyewe. Hana ruhusa ya kuiandika. Akifukuzwa kazi kwa ajili hiyo, katekista wake asimpe maneno ya faraja tu. Aende naye kwa padri na kwa wakristu wenye karakana na maduka, mlango kwa mlango, mpaka kazi nyingine ipatikane.