Neno Lililotangulia Hesabu

Mfugaji wa Nyamuswa, katika nchi ya Waikizu, ana waya wa mita 80, naye ataka kuzungushia zizi la mstatili lililo kubwa kupita yote. Mwanafunzi aliyefunzwa vema hasiti. Upana auita u. Urefu, kwa kuwa nusu ya mzingo ni 40, hauna budi kuwa 40 − u. Nalo eneo ni u(40 − u). Yasiyojulikana yalikuwa mawili, sasa ni moja. Upana ukiwa 10, eneo ni 300. Ukiwa 15, ni 375. Ukiwa 20, ni 400. Ukipita hapo eneo lapungua. Jibu ni mraba.

Yote ni kweli. Lakini waya uleule ukizungushwa duara, huzingira mita za mraba 509 na ushei. Nani basi aliyemnyima mfugaji zile mita mia na tisa? Si hesabu, maana hesabu hujibu lile ililoulizwa. Ni neno “mstatili”, lililotiwa katika fumbo kabla kalamu haijashikwa. Huenda neno hilo lina sababu yake, kama vile zizi kupakana na ukuta. Basi na itajwe. Mwalimu anyamazaye hapo hajasema uongo, ila mwanafunzi wake ataondoka akiamini kwamba mraba hauna mshindani.