Mteja Hapatikani

Wiki hii nataka tuketi na swali moja ambalo limenisumbua tangu muhula uanze. Tunapomtafuta mwanafunzi aliyepotea chuoni, tunamtafuta kwa faida ya nani?

Wengi wenu mnajua nilisomea biashara kabla ya kuingia kwa huduma. Darasani tulifundishwa kwamba kumtunza mteja uliye naye ni rahisi kuliko kumtafuta mpya. Vyuo navyo vinalijua hilo. Mwanafunzi akiacha masomo, karo yake inaenda naye. Na sisi kanisa tusijifanye malaika. Kijana wa kampasi akikosa ibada, mara nyingi tunaona kiti kitupu kabla hatujamkumbuka aliyekuwa anakikalia.

Nikiwa mwaka wa tatu, baba alipoteza kazi. Wiki ya nne ya muhula nikarudi nyumbani bila kuaga mtu, maana nilikuwa na aibu. Chuo kilinitumia jumbe mbili kwa simu. Wa kwanza ulitaja salio la karo. Wa pili ulisema bila kulimaliza sitapata kadi ya mtihani. Yote yalikuwa kweli, lakini hakuna hata mmoja ulioniuliza niko wapi. Nikazima simu. Aliyenipigia akaambiwa mteja hapatikani.

Mwakilishi wa darasa letu hakuchoka. Kila nilipowasha simu nilikuta ujumbe wake: leo tumesoma hiki, mwalimu ametoa kazi ile, umeshindaje? Hakuniuliza narudi lini. Wiki ya tatu nikampigia mwenyewe, nikamwambia ukweli. Ndipo akanieleza jambo ambalo sikulijua, kwamba anayetoweka kimya anaweza kuondolewa chuoni, lakini anayeomba kuahirisha masomo kwa barua, na akakubaliwa, nafasi yake inamngoja. Niliandika hiyo barua jikoni kwa mama, nikarudi mwaka uliofuata. Shahada niliyo nayo ilitokana na barua hiyo, na barua yenyewe ilitokana na mtu aliyeniuliza nimeshindaje.

Mngetarajia mtu aliyepitia hayo asisahau. Nilisahau. Nilipopewa vijana wa vyuo kuwachunga, jambo la kwanza nililofanya ni kutengeneza rejista. Kila mwezi nilipeleka asilimia kwa kikao cha wazee. Basi nikampigia dada mmoja wa mwaka wa pili ambaye kwa wiki tano hakuonekana darasani wala kwa maombi. (Ameniruhusu kuandika haya bila jina.) Nikaanza na maneno yetu yale, kwamba tumemkosa sana na tunamngoja Jumapili. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Pasta, unanitafuta mimi ama unatafuta idadi?"

Sikuwa na jibu. Kikao kilikuwa Jumamosi, na rejista ilikuwa wazi mbele yangu.

Sasa mtu atasema, nia ina maana gani kama simu imemrudisha? Hoja hiyo ina nguvu, tusiipuuze. Mwaka 2016 chuo kikuu cha Georgia State, kule Atlanta, Marekani, kilianza kutumia programu ya kompyuta kuwaandikia na kuwajibu kwa simu wanafunzi waliokubaliwa kujiunga. Wale ambao hupotea kabla ya kufika darasani walipungua kwa takriban asilimia 21. Programu haina moyo, lakini ilisaidia. Hata mchungaji wa Luka 15 alihesabu kwanza. Asingehesabu, angejuaje mmoja hayuko? Kwa hivyo kuhesabu si dhambi.

Lakini programu ile ilijibu mambo ya fomu, mikopo na tarehe, na shida ya dada huyu haikuwa fomu. Mama yake alikuwa amepata kiharusi, naye ndiye kifungua mimba. Mnajua pia kwamba tangu mwaka 2023 mpango mpya wa kufadhili vyuo vikuu hapa kwetu unagawa gharama kati ya ufadhili wa serikali, mkopo na mchango wa familia. Kwao, aliyekuwa akitafuta huo mchango ni mama huyo huyo aliyelala kitandani. Halafu mimi napiga simu kumwambia tunamngoja Jumapili.

Usiku huo nilisoma 1 Samweli 30. Ziklagi imechomwa, wake na watoto wametekwa, na Daudi yuko mbioni kuwafuata maadui. Njiani watu wake wanamkuta kijana Mmisri, mtumwa aliyeachwa na bwana wake siku tatu zilizopita kwa sababu aliugua. Hakuwa na faida tena, akaachwa. Daudi naye alimhitaji sana, kwa kuwa huyu ndiye angeonyesha njia. Hatuwezi kusema Daudi hakuwa na haja yake. Lakini angalia mpangilio. Kwanza alipewa mkate na maji, kisha tini na zabibu kavu. Nguvu zikamrudia. Ndipo akaulizwa yeye ni wa nani. Na kabla ya kuonyesha njia, kijana alitaka kiapo kwamba hatauawa wala kurudishwa kwa bwana wake. Aliruhusiwa kusema kile anachokiogopa.

Wapendwa, huenda nia zetu zisitakate kabisa upande huu wa mbinguni. Lakini mpangilio tunaweza kuurekebisha. Mkate kwanza, swali la kurudi baadaye. Nami nimejiwekea kipimo: huyu akiniambia leo kwamba harudi, wiki ijayo bado nitampigia? Kama sitampigia, basi nilikuwa napigia kiti.

Jumanne nilimpigia tena, nikamwomba msamaha, nikauliza hali ya mama. Sikutaja chuo wala Jumapili. Akina mama wa ushirika wa nyumbani wakaenda na unga na sabuni, wakafua, wakaomba na mgonjwa. Simu ya nne, yeye mwenyewe akauliza, "Pasta, barua ya kuahirisha huandikwaje?" Tuliiandika pamoja kwa simu, sentensi kwa sentensi. Bado hajarudi chuoni. Asilimia yangu ya mwezi huo ilishuka, na mzee mmoja akataka kujua huyu dada amepotelea wapi. Nikamjibu kwamba hajapotea, yuko nyumbani anamuuguza mama yake, na nambari yake ninayo.

Juma hili, mzazi, shangazi, mshirika, mwanafunzi mwenzake, mkumbuke mmoja aliyenyamaza. Usianze na karo, wala alama, wala ibada. Uliza ameshindaje, amekula nini, na nani anaugua. Akikujibu kwa ufupi, rudi tena wiki ijayo vile vile. Na ukiambiwa mteja hapatikani, usikate tamaa, acha ujumbe. Siku moja atawasha simu, na aukute ukimngoja, kama mimi nilivyoukuta.

Mungu atupe masikio kabla ya midomo. Amina.