Pazia la Nyuma na Ukweli wa Sura

Swali tunalopenda kulijadili ni la maadili, ingawa limezaliwa studioni. Mtu akipigwa picha mbele ya pazia lililochorwa bahari na maghorofa, je, amedanganya? Wako wenzetu wanaosema amedanganya, kwa kuwa Arua na Koboko hazina bahari. Sisi hatukubaliani nao. Pazia ni mapatano: mpigwa picha analijua, mpiga picha analijua, na ndugu atakayeletewa picha hiyo analijua vilevile. Nani basi aliyepotezwa?

Uongo tunaukuta mahali pasiposhukiwa, yaani katika kitambaa cheupe cha picha za vitambulisho. Kipimo cha mwanga kilichomo katika kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Kikikutana na weupe mwingi huuhesabu kuwa mwanga umezidi, kikaupunguza. Uso mweusi ukatoka kama kivuli, bila macho wala mashavu. Mpiga picha mvivu huilaumu ngozi. Fundi hupima mwanga usoni penyewe, humtenga mteja na kitambaa kwa hatua mbili ili kivuli kisimwangukie nyuma, kisha huweka taa ubavuni, kwani ngozi nyeusi hudhihirisha umbo lake kwa mng'ao. Akitaka ukuta wenye rangi, huumulika ukuta wa kijivu kwa taa iliyofunikwa karatasi ya rangi, akiizuia taa ya usoni isifike huko, maana mwanga mweupe huifua rangi ikapauka. Kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1950, hata rangi za picha za Kodak zilisawazishwa kwa kadi zenye sura ya mwanamke wa Kizungu.

Si jambo dogo. Koboko i karibu na mipaka ya Sudan Kusini na Kongo, na baada ya utawala wa Amin kuanguka mwaka 1979 watu wengi wa West Nile walivuka mipaka hiyo wakikimbia. Mpakani askari hutazama picha, kisha hutazama uso. Picha iliyofanywa ovyo humshuhudia mwenyewe uongo.

Ugumu hubaki kwa mteja anayeomba amwagiwe mwanga mpaka awe mweupe. Pazia hubadili mahali aliposimama. Mwanga huo humbadili yeye. Hata hivyo uso ni wake. Twaona fundi amwonyeshe kwanza picha iliyopimwa sawasawa, ndipo achague. Huenda hajapata kujiona hivyo.

Walimu wenzetu watapenda kukumbuka kwamba kwetu sura ni uso, na kwa Kiarabu, lugha iliyozaa Kinubi kisemwacho Arua na Koboko, neno hilo ni picha. Ng'ambo ya Nile, mjini Gulu, mambo hayo mawili yalitenganishwa kwa kukatwa. Katika studio moja wateja walipigwa picha kubwa, uso ukakatwa kwa ajili ya kitambulisho, na masalio yakaachwa. Mwaka 2013 Martina Bacigalupo, mpiga picha wa Kiitalia, aliyatoa masalio hayo katika kitabu: nguo za heshima, mikono iliyotulia mapajani, na tundu la mstatili mahali pa sura.