Redio Imeuzwa, Wimbo Uko Wapi?

Masomo: Zaburi 137:1-4; Matendo ya Mitume 16:22-26



Leo naanza kwa kuungama. Tulipokimbia Rutshuru mwaka 2008 na kuvuka mpaka kuingia Uganda, redio kaseti ilikuwa kati ya vitu vichache tulivyobeba. Hapa Nakivale ilitutumikia miaka mingi. Baada ya mavuno yaliyopita niliona wakati umefika wa kununua sabufa inayosoma flashi na memori kadi. Nikaiuza redio ili fedha yake iwe mwanzo, na iliyobaki tuitafute katika kikundi cha akiba. Kisha mtoto wetu mdogo akaugua, na akiba yote ikaenda kwenye dawa. Tunamshukuru Mungu, mtoto alipona. Lakini redio imekwenda, na sabufa haijaja hadi leo.

Nyumba ikawa kimya. Zamani kila jioni tulifungulia nyimbo, ndipo tuombe. Redio ilipotoka, maombi nayo yakatoka, wala sikutambua. Jioni moja binti yangu akaniuliza, "Papa, siku hizi sisi hatuombi?" Nikamjibu, "Ngoja sabufa ije." Ndugu zangu, mimi mchungaji ndiye niliyesema hivyo! Usiku ule sikulala vizuri.

Kesho yake tuliimba kwa midomo. Aibu ilizidi. Ubeti wa kwanza tuliujua, wa pili hakuna aliyeukumbuka. Tulikuwa tunaijua kaseti, wimbo wenyewe hatuujui. Ndipo mama yangu mzee, aliyekuwa amekaa pembeni, akauendeleza mpaka mwisho. Kumbe nyimbo zote anazo, na nyingine za kijijini kwetu ambazo hazimo katika kaseti yoyote. Miaka yote hiyo hatukumwuliza, kwa sababu redio ilikuwa na sauti kubwa kuliko yake.

Sasa tutazame Neno. Wana wa Israeli kule Babeli walikuwa na vinubi, lakini walivitundika kwenye miti. Waliowateka waliwadai nyimbo za Sayuni ili wajifurahishe, nao hawakuweza kuimba katika nchi ya kigeni. Tusiwahukumu, sisi tunaijua huzuni hiyo. Lakini tazama Filipi. Paulo na Sila wamechapwa, miguu imefungwa, ni usiku wa manane. Hawana kinubi wala zeze. Nao waliomba na kumwimbia Mungu, na wafungwa wengine wakawasikiliza. Babeli vyombo vilikuwapo, wimbo ukakosekana. Filipi vyombo havikuwapo, wimbo ukasikika.

Wapendwa, amplifaya haitungi wimbo. Inakuza kile kilichoingizwa ndani yake. Usipoingiza kitu, itakuza mvumo mtupu. Ndivyo zilivyo baraka zote tunazozingoja. Wengine tunasema, "Nikipata nyumba ya bati, nitakusanya watoto tusome Biblia." Wengine, "Siku nikiitwa kwenda Marekani au Kanada, ndipo nitamtumikia Mungu vizuri." Ndugu, utakachobeba kwenda huko ni kile ulicho nacho hapa. Kama nyumbani mwako hakuna maombi leo, nyumba kubwa itakuza ukimya huo huo.

Sisemi kwamba sabufa ni dhambi. Ikija tutafurahi, na majirani tutawakaribisha. Lakini katika kipindi hiki cha katikati, cha zamani kimetoka na kipya hakijafika, nawaomba mambo matatu. Kwanza, saa ya maombi ya jioni isingoje chombo. Pili, kila wiki watoto wajifunze wimbo mmoja kwa moyo, beti zote. Tatu, waulizeni wazee wenu nyimbo zao wangali hai. Mama yangu amechoka sana siku hizi. Nikifikiri kwamba kama redio isingeuzwa angezikwa na nyimbo zake, natetemeka.

Jioni hii, nyumbani mwako, nani ataanzisha wimbo?

Bwana atujalie wimbo wa usiku wa manane. Amina.

Ni mimi ndugu yenu katika Kristo,
Mchungaji wenu