KUMFUATA MGONJWA MPAKA MLANGO WA TABIBU

Ndugu zetu Waislamu, hakuna miongoni mwetu asiyejua thawabu za kumzuru mgonjwa. Twaenda, twaketi, twamwombea dua, kisha twarudi makwetu. Leo twawaletea khabari za tabibu aliyeona kuwa hayo hayatoshi.

Dakta Harold Freeman, mpasuaji wa saratani, aliingia hospitali ya Harlem, mtaa wa watu weusi mjini New York, mwaka 1967. Alikwenda na kisu chake na ilimu yake, akakuta wanawake wakimjia maziwa yao yamekwisha kuwa vidonda. Na kisu hakimfai aliyechelewa. Katika wagonjwa 606 wa saratani ya titi waliotibiwa pale kwa miaka 22 mpaka 1986, karibu nusu yao walifika maradhi yamekwisha kuenea. Na katika kila 100, waliokuwa hai baada ya miaka 5 ni 39 tu.

Yeye hakuwalaumu. Aliuliza ni kitu gani kilichowachelewesha. Mwaka 1979 akafungua mahali pa kuwapima masikini bure; lakini mwenye kuonekana na donge aliweza kupotea baadaye: hana fedha, makaratasi yamemshinda, au khofu imemrudisha nyumbani. Basi mwaka 1990 akaweka watu kazi yao ni kumshika mkono mgonjwa huyo tangu siku ya donge mpaka amalize dawa. Hawakuhitaji kuwa matabibu. Yatosha wawe watu wa mtaa ule ule, wanaojua milango. Kupima na kufuata, mawili hayo pamoja, yakazaa matunda: katika wagonjwa 325 wa miaka 1995 hadi 2000, waliovuka miaka 5 walifikia 70 katika 100.

Sasa tujitazame sisi. Mwanamke wetu huona uvimbe kifuani, akauficha mwaka mzima, akasema ni haya. Haya gani hiyo? Wanazuoni wetu wamekwisha bainisha: dharura ya matibabu yahalalisha kutazamwa kwa kadiri ya haja. Atafutwe tabibu mwanamke. Akikosekana, hata mwanamume, na mumewe au maharimu yake awe pamoja naye. Mwenye kumzuia mkewe baada ya kuyajua haya asisingizie sharia. (Na wako wanaozuia kwa kuchelea nauli tu, wakaivika khofu hiyo kanzu ya dini.)

Wala tusiwasahau wale wasio na mtu. Mjane wa mtaani, asiyejua kusoma cheti, huambiwa arudi wiki ijayo. Asiporudi, nani amwulizaye? Katika kila msikiti mna akina mama wanaokusanyika kwa maulidi na kwa matanga, nao wajuana nyumba kwa nyumba. Wawili kati yao wakiwekwa kwa kazi hii, na nauli yao ikatolewa katika sadaka ya Ijumaa, wataweza kuanza mwezi huu huu.