Nani Anachora Geti?

Kwa miaka mingi, Mkenya anayeishi na virusi vya UKIMWI aliijua namba yake ya CD4 kama namba ya simu. CD4 ni alama iliyo juu ya seli fulani nyeupe za damu. Ili kuiona, maabara hutumia kingamwili zilizopakwa rangi inayong'aa. Kila kingamwili hunata kwenye alama yake tu. Seli zinapita moja moja mbele ya leza, zenye rangi zinawaka, mashine inahesabu. Neutrofili, zile seli zinazowahi kupambana na bakteria, hutafutwa hivyo hivyo kwa alama kama CD16 na CD66b.

Lakini mashine haijui neutrofili ni nini. Inatoa nukta kwenye skrini, halafu mtu anachora mstari kuzizunguka. Mstari huo wanamaabara wanauita geti. Aliye ndani anahesabiwa. Aliye nje, pole.

Sasa, anayechora geti anadaiwa nini na wanaobaki nje?

Maana mstari unaweza kukosewa miaka na miaka. Vitabu vilisema mtu mzima mwenye afya ana angalau neutrofili 1,500 kwa kila maikrolita ya damu. Waafrika wengi wako chini ya hapo na hawaumwi popote. Chembe zao nyekundu hazina alama iitwayo Duffy, urithi unaokinga dhidi ya aina moja ya malaria, na kwao neutrofili chache damuni ni kawaida. Utafiti uliotoka 2009 ulipima watu wazima wenye afya Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia. Si wachache wangeonekana wagonjwa kwa viwango vya Marekani, na kufungiwa nje ya majaribio ya chanjo. Damu yao haikuwa na shida. Kipimo ndicho kilitolewa kwa watu wengine.

Haya, toka Lodwar, fuata barabara kama kilomita 120 hadi Kakuma, kambi iliyoanzishwa 1992. Huko geti huchorewa watu. Mwaka 2025, pesa za wafadhili zilipopungua, wakimbizi walipangwa kwa makundi kulingana na uhitaji. Kundi la mwisho halikupewa chakula. Watu wakaandamana.

Utaniambia chakula ni kidogo, lazima kuchagua. Sawa. Hata seli hazihesabiki bila kupangwa. Sikatai kupanga. Nakataa kupanga bila kujikagua.

Maabara ina adabu moja. Kabla ya kuamini mwangaza, wanapitisha seli zisizo na rangi kabisa, kwa sababu seli hung'aa kidogo zenyewe. Yaani wanajiuliza kwanza: naona alama, ama naona nilichotaka kuona? Tena wanajua neutrofili hubadilika. Ikiingia vitani hudondosha CD62L na kuongeza CD11b. Seli ni ile ile, alama si zile. Na mama mwenye kibanda cha mandazi mwezi huu anaweza kukifunga mwezi ujao, lakini kundi aliloandikiwa halijui hilo.

Kama tone la damu linakaguliwa mara mbili, mtu mwenye njaa anastahili zaidi ya hapo: aambiwe kwa nini yuko nje, kwa lugha anayoielewa, na ahesabiwe upya kabla sufuria haijakauka.